Sindano Mbili za Fundi Lifti

Kitu cha kwanza kilichotoka mikononi mwake kilikuwa skafu, na skafu hiyo ilianza na upana wa kiganja ikaishia na upana wa mto wa kulalia. Hakujua imefikaje hapo. Kila mstari alidhani amehesabu sawasawa, kumbe vitanzi vilikuwa vinazaliana pembeni bila ruhusa yake. Alipoimaliza aliitandaza juu ya mapaja, mapaja ambayo hayakuhisi kama kumewekwa kitu, akaitazama weee, kisha akamwambia mkewe, "Nimefuma suruali ya mguu mmoja."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuwa amecheka tangu mumewe atoke hospitali, na kwa ajili ya kicheko hicho tu mwanamume yule akaamua kufuma tena.

Watu walimwita Fundi Lifti. Miaka kumi na tisa alitengeneza lifti za maofisi, za hospitali, za hoteli. Alikuwa akiingia kwenye jengo, anasikiliza lifti ikipanda mara moja tu, anakwambia ni roda inayovuta kamba, ni reli au ni mlango unaokwaruza. Siku aliyoumia alikuwa amesimama juu ya paa la lifti, usawa wa ghorofa ya pili, akipaka grisi. Mwenzake wa siku nyingi, mtu mfupi mwembamba waliyemwita Bisibisi, alikuwa juu kwenye chumba cha mitambo. Fundi aliuliza kwa sauti, "Umefunga breki?" Bisibisi akajibu, "Imefungwa." Haikuwa imefungwa vizuri. Na Fundi mwenyewe, aliyewafokea vijana wa kazi miaka nenda rudi kuhusu mkanda wa usalama, siku hiyo wa kwake ulikuwa unaning'inia kiunoni haukufungwa popote, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Lifti ilishtuka, akateleza pembeni, akaenda mpaka chini ya shimo. Alitua kwa mgongo.

Alikaa hospitali miezi mitatu. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kuanzia kiunoni, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa kama vya mtu mwingine. Daktari alisema neva zina mambo yake, zipe mwaka mmoja, kitakachorudi kitarudi humo. Fundi akaushika huo mwaka mmoja kwa mikono miwili.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Zamani alikuwa akilifanyia mzaha jambo hilo, kwamba kinyozi huwa hajinyoi. Siku aliporudishwa, wanaume wanne walimpandisha kwa shuka, wakapumzika kila ngazi, na tangu hapo hakushuka tena. Dunia yake ikawa vyumba viwili, dirisha linalotazama matangi ya maji ya jengo la pili, na kiti cha magurudumu ambacho hakikuweza kupita mlango wa bafuni mpaka kikunjwe kidogo. Mkewe, aliyefanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ileile, alikuwa akiondoka asubuhi na kurudi alasiri mikono ikinuka dawa ya kuua vijidudu. Binti yao, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa shuleni. Mama mkwe alikuja "kwa wiki mbili" na akabaki.

Aliyemletea sindano alikuwa dada wa mazoezi, mtaalamu wa viungo aliyepanda zile ngazi mara mbili kwa wiki akihema. Kwanza alimpa mpira wa kubinya. Fundi aliubinya siku tatu, siku ya nne akautupa dirishani. Dada wa mazoezi hakumgombeza. Siku iliyofuata alikuja na sindano mbili za kufumia na bonge la uzi wa kijivu.

"Dada, hiyo ni kazi ya bibi zetu," Fundi alisema.

"Bibi zako walikuwa na vidole vizima. Vyako bado. Shika hapa."

Akashika. Sindano ikaanguka. Akaokotewa, akashika tena. Siku hiyo ya kwanza alifuma vitanzi sita kwa saa nzima, na shati likamlowa mgongoni kama aliyebeba mota ya lifti peke yake.

Ile skafu alimpa mama mkwe, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kumpa kitu kibaya kiasi kile. Mama yule aliigeuza, akaivuta, akaikunja. Kesho yake asubuhi alionekana ameifunga kiunoni chini ya kanga.

"Mama, hiyo ni ya shingoni."

"Shingo yangu haina neno, mwanangu. Kinachoniuma ni kiuno. Hii inashika kuliko mikanda ya dukani."

Fundi hakujua acheke au alie. Lakini alichukua daftari lake la kazi, lile alilokuwa akiandikia hitilafu za lifti, akafungua ukurasa mpya na kuchora skafu ile kwa vipimo, akaweka alama pale ilipoanza kuharibika. Kitu cha pili kilikuwa kofia, na kofia ilienea. Cha tatu soksi. Soksi ilimtoa jasho, maana ina kisigino, na kisigino ni lazima ukipinde kwa hesabu, uache vitanzi vingine vikingoja huku wenzao wanaendelea. Aliikosea mara nne. Mara ya tano ikakaa kama soksi. Uzi mkewe alimtafutia kwenye masweta ya mtumba yaliyotoboka. Wakawa wanayafumua pamoja Jumapili, mmoja akivuta, mwingine akiviringisha, uzi ukitoka umejikunja kama nywele zilizosukwa jana.

Mwezi wa tano tangu aumie, kidole gumba cha kulia kilianza kuwasha. Kisha cha shahada. Alimwita mkewe kutoka jikoni amshike amfinye. "Finya zaidi," alisema. "Zaidi." Machozi yakamtoka, na si kwa maumivu.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo hakumwambia mtu. Kama vidole vimerudi, alijiambia, miguu nayo iko njiani. Akaanza kuwekeana ahadi na uzi. Soksi hii ikiisha, kidole kikubwa cha mguu kitacheza. Kofia hii ikiisha, nitahisi baridi ya sakafu. Alijifumia soksi za bluu, mkewe akamvisha, naye akakaa mchana kutwa akivitazama vidole vya miguu ndani ya soksi zile, hapepesi macho, kama fundi anayengoja taa iwake kwenye ubao wa umeme. Ilipofika saa kumi na moja shingo ilikuwa imekakamaa. Soksi hazikuwa zimetikisika. Akaanza nyingine usiku haujaingia.

Bisibisi alikuja kumwona mara mbili hospitalini na mara moja nyumbani mwanzoni, akakaa ukingoni mwa kiti akizungumzia mpira wa miguu. Kisha akapotea. Fundi alimfumia kofia, nzito, ya rangi ya kahawia, kwa kuwa vyumba vya mitambo juu ya majengo vina upepo mbaya. Akampigia simu aje aichukue. Bisibisi alikuja na nguo za kazi, akapewa kofia, akaishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyepewa kitoto kichanga.

"Umenifumia mimi?" aliuliza.

"Kwani kichwa chako hakipati baridi?"

"Fundi, mimi ndiye niliyesema imefungwa."

"Najua. Na mimi ndiye niliyeacha mkanda. Vaa tuone."

Hakuivaa. Alikaa akiipapasa, kisha akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, mpaka mama mkwe akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Fundi alijaribu kusema neno la kumtuliza, lakini kila alilosema lilizidi kumvunja. Bisibisi aliondoka na kofia mkononi. Hakurudi tena, na simu zake akawa hapokei. Baadaye fundi mwingine alikuja kumjulia hali, akasema Bisibisi ameomba kuhamishiwa stoo, hapandi tena majengo. Kofia ipo, inaning'inia kwenye msumari wa kabati lake la nguo pale kazini.

"Nilitaka kumpa kitu kizuri," Fundi alimwambia mkewe.

"Ulimpa," mkewe alisema. "Kilikuwa kizito mno."

Baada ya hapo Fundi akageukia sweta. Ulikuwa mwezi wa tisa tangu aumie, na ule mwaka mmoja ulikuwa unakwisha. Miguu ilikuwa imekonda kama ya mtoto. Dada wa mazoezi aliendelea kuikunja na kuinyoosha bila kusema mengi, na Fundi alipomuuliza alijibu, "Tuendelee na mazoezi," akimtazama goti badala ya uso. Sweta la shule la binti lilikuwa limechakaa viwiko. Fundi akasema atamfumia la bluu iliyoiva, kama la shule, lenye shingo ya V. Kifuani mwake akaweka ahadi yake ya mwisho: sweta hili likiisha, nitasimama.

Alilifuma wiki saba. Alimpima binti mabega, kifua, urefu wa mkono kutoka kwapani, akaandika kila kitu daftarini. Mgongo alifumua mara tatu. Mkono wa kushoto ulitoka mrefu kuliko wa kulia, akaufumua wote. Vidole vilikuwa vikifa ganzi baada ya nusu saa, akivitia kwenye maji ya moto na kuendelea. Mkewe alimwambia apumzike, akamjibu hana muda. Binti alipolivaa lilimkaa barabara. Alijigeuza mbele ya kioo, akamkumbatia baba yake shingoni, akaenda nalo shule Jumatatu.

Hiyo Jumatatu Fundi alingoja miguu yake. Jumanne akangoja. Ijumaa alimuuliza binti wenzake wamesemaje kuhusu sweta. "Wamelipenda," binti alijibu, na kukimbilia jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Wiki ya tatu, mama mkwe akiwa ameenda kliniki kupima presha, Fundi alikuwa akitafuta uzi chini ya kitanda cha binti kwa mpini wa fagio. Akavuta mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na sweta la bluu, limekunjwa vizuri, viwiko vipya kabisa, na ndani ya sweta kulikuwa na karatasi ya shule. Mwanafunzi amerudishwa getini kwa kuvaa sweta lisilo rasmi. Hayaruhusiwi masweta ya kufumwa nyumbani. Mzazi atie sahihi. Tarehe ilikuwa ya ile Jumatatu ya kwanza. Chini kulikuwa na sahihi ya mkewe.

Akaisoma mara mbili. Hakukasirika mara moja. Kwanza aliona aibu, aibu ya mtu aliyefichwa kitu ndani ya nyumba yake kama mgonjwa asiyetakiwa kusikia habari mbaya. Wote walijua. Walikaa naye mezani wakijua. Kisha hasira ikaja, naye hakuwa na wa kumfokea, akachukua mkasi akakata ukingo wa mkono wa sweta na kuanza kuvuta. Uzi ulitoka mstari baada ya mstari. Alifumua mkono mzima, mpaka begani. Hapo akasita, akajisikia mpumbavu, na wazo jipya likamjia: atakwenda shuleni mwenyewe. Atamwambia mwalimu mkuu ana kwa ana.

Alisukuma kiti mpaka mlangoni, akafika kwenye ngazi, akajishusha sakafuni kwa mikono, na kuanza kuteremka kwa makalio, sweta likiwa begani na uzi ukimfuata nyuma. Ngazi moja, anavuta mguu wa kwanza kwa mkono, anavuta wa pili, anapumua. Ngazi ya saba mkono wa kulia ukafa ganzi. Ya kumi aliteleza, akashuka tatu kwa mpigo, akafika kwenye kibaraza kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, kiwiko kikivuja damu. Kushuka zaidi hakuweza. Kupanda hakuweza. Kidogo kidogo suruali ikalowa, na hakujua mpaka alipoiona sakafu.

Mama wa ghorofa ya pili alipita na ndoo. "Jirani, vipi?"

"Napumzika tu, mama."

Yule mama alimtazama, akatazama sakafu, akaweka ndoo chini. Alikwenda kuleta kanga, akamfunika mapajani, akampa kikombe cha maji. Akasema ataita watu. Fundi akamwomba asiite mtu. Akakaa pale, akisikia redio za watu nyuma ya milango, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, alitamani kwamba lile shimo la lifti lingekuwa refu zaidi. Wazo lenyewe lilimtisha. Akalishika sweta kwa nguvu kama kitu cha kujizuia.

Binti alirudi kutoka shule akiwa na lile sweta lake la zamani. Alipandisha ngazi akiimba kwa chini, akamwona, akanyamaza. Alikaa kando yake.

"Kwa nini hukuniambia?" baba aliuliza.

"Ungeacha kufuma."

"Ningeacha, halafu?"

"Ukiwa hufumi unaangalia miguu tu, Baba. Siku nzima. Bibi anaona, Mama anaona. Mimi nikirudi nakukuta unaiangalia." Akaanza kulia. "Nilikuwa nalivaa nikitoka. Nalivua pale chini kwenye mita za umeme, na nikirudi nalivaa tena. Siku nyingine nikachoka."

Mkewe akawakuta hivyo. Alikuwa ametoka kazini, mkoba begani. Aliingiza mikono chini ya makwapa ya mumewe akamnyanyua, akashindwa, akajaribu tena, pumzi ikikata.

"Niache," Fundi alisema. "Imebaki miezi miwili. Miguu ikirudi nitapanda mwenyewe."

Mkewe alimwachia. Akaketi kwenye ngazi ya juu yake, akafunika uso kwa mkono wenye harufu ya dawa.

"Hairudi," alisema.

"Nani kasema?"

"Daktari. Aliniita nikiwa kazini, mwezi wa nne tangu uumie. Walishaona kwenye picha. Alisema nikwambie polepole. Nikawa nangoja siku nzuri." Akashusha mkono. "Mume wangu, siku nzuri haijafika."

Yule mama wa ghorofa ya pili alikuwa amesimama mlangoni kwake, akafunga mlango taratibu. Fundi alihesabu kichwani: mwezi wa nne. Gumba lilikuwa halijaanza kuwasha. Soksi zote, kofia zote, sweta zima, alikuwa amezifuma kwa ajili ya jambo lililokwisha zamani. Alitoa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia, si kilio hasa, kama kitu kinachokatika ndani ya mashine. Mwishowe majirani watatu waliitwa, wakampandisha kwa shuka.

Siku kumi na moja hakuzungumza ila kwa ndiyo na hapana. Dada wa mazoezi alipokuja aligeukia ukutani. Sindano mkewe alizificha pamoja na mikasi na dawa, akampa mama mkwe zamu ya kutomwacha peke yake hata akienda kuchota maji. Siku ya kumi na mbili alimwuliza mkewe, "Kwa nini ulinivumilia?" na mkewe akamjibu kwa ukali kwamba yeye hakumvumilia, alimdanganya, na kwamba mambo hayo mawili asiyachanganye. Wakagombana kutwa nzima. Ulikuwa ugomvi mbaya, wa maneno yasiyorudishika, lakini baada yake alikula.

Walihama. Walipata chumba na sebule sakafu ya chini, nyuma ya mahali pa kuoshea magari, penye unyevu ukutani na kelele za pampu mchana kutwa. Ni padogo kuliko kule juu, na mama mkwe alirudi kwake kwa kuwa hakukuwa na pa kulala. Lakini mlango unafunguka kwenye saruji tupu, na kiti kinatoka nje. Fundi anakaa pale kivulini. Alirudia kufuma mwezi mmoja baadaye, si kwa tumaini. Alisema mikono haina pa kwenda. Mkono wa sweta aliufuma upya. Binti ameshakua kidogo, linambana kifuani, analivaa siku za mapumziko. Wapo wanaopita wakampongeza, wapo wanaomwonea huruma mpaka anatamani kuingia ndani. Siku nyingine, baada ya nusu saa vidole vikifa ganzi, anaitazama miguu, na wanaomfahamu wanajua wasimsemeshe.

Jumapili moja mchana mkewe alitoka nje na kigoda, akaketi mbele yake, akampa mgongo.

"Umemfumia Mama, umemfumia Bisibisi, umemfumia mtoto, umejifumia mwenyewe," alisema. "Mimi sina hata soksi."

Ilikuwa kweli, na hakuwahi kuiona. Fundi akaomba utepe wa kupimia, akaanza shingoni kwenda bega la kulia, akaandika. Akahamia kushoto, akapima, akakunja uso, akapima tena. Bega la kushoto, lile ambalo mkewe humnyanyulia kila asubuhi kutoka kitandani, lilikuwa limeshuka, na msuli wa shingo upande ule ulikuwa mgumu kama kamba ya chuma.

"Mbona umekaa kimya?" mkewe aliuliza.

"Kaa wima."

"Nimekaa wima."

Akaweka kiganja chake pale begani, akakiacha. Pampu ya kuoshea magari ikazimwa, ikawashwa tena. Kisha akachukua daftari na kuandika vipimo viwili tofauti, cha kulia na cha kushoto, akamwambia asisogee, bado urefu wa mikono.